Nyumba Katika Nchi ya Chai: Habari za Makazi ya Wafanyakazi wa Kericho na Bomet



Baada ya hesabu za fedha huwekwa habari moja ya mambo yaliyopita yenye kugusa maisha yetu ya sasa. Safari hii twaandika juu ya nyumba. Tangu Julai 2023, isipokuwa majuma machache mwanzoni mwa 2024 baada ya mahakama kuikataa sheria ya kwanza, mwenye mshahara katika Kenya amekatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Miongoni mwa wanaokatwa wamo wachumaji wa chai ambao hulala katika nyumba za kampuni, nyumba wasizoweza kuzinunua hata wakikatwa miaka mia. Mambo yamefikaje hapo?

Kabla ya chai nyumba haikuwa na bei katika nchi hii. Mkipsigis aliyetaka kujenga alikata miti, majirani wa kokwet yake wakakusanyika, kuta zikakandikwa, paa likaezekwa nyasi, na jioni pombe ikanywewa. Umaskini ulikuwapo, hatukatai, lakini hakuna aliyekosa nyumba kwa kukosa fedha. Kilichotakiwa kilikuwa ardhi na watu.

Ardhi ndiyo iliyotangulia kuondoka. Baada ya Vita Kuu, Serikali ya kikoloni ilitenga ekari zaidi ya 20,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, nao wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi wao ukafa upesi, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, na majina ya Brooke Bond na James Finlay yakakaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwahamisha Talai, na familia zao zikachukuliwa hadi Gwassi, upande wa Ziwa, mahali pa joto na mbung'o. Wengi waliorejea uhuru ulipokaribia hawakupata pa kujenga. Yafaa jambo hili likumbukwe kila ukoo huo unapotajwa kuwa maskwota, kana kwamba walizaliwa hivyo.

Sasa tazameni tabia ya mmea wenyewe. Kahawa huvunwa kwa majira, lakini chai huchumwa mwaka mzima, na kichaka kilekile hurudiwa kila baada ya siku chache. Jani lililochumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo mchumaji hakuweza kutoka mbali, na kampuni ikamjengea karibu na shamba. Nyumba ile ilikuwa chombo cha kazi kama kilivyo kikapu. Wakipsigis wengi hapo mwanzo walipendelea kubaki na ng'ombe na mahindi yao, basi safu zile za nyumba zikajazwa na watu kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya. Walizaa watoto humo, watoto wakakua, nao wakachuma.

Mshahara ulikadiriwa kwa mtu mmoja asiye na mke. Hayo si maneno ya wanasiasa tu. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Carpenter, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1954, ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulihesabiwa kwa mahitaji ya mseja, ikashauri uongezwe polepole mpaka utoshe jamaa nzima pamoja na nyumba. Ushauri ulikuwa mwema. Lakini mashambani nyumba iliendelea kutolewa pamoja na kazi, kwa hiyo fedha ya nyumba haikupita mkononi mwa mfanyakazi hata siku moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, bado humpa mwajiri njia mbili: ampe mfanyakazi nyumba ifaayo, au amlipe fedha ya kutosha kupanga. Aliyepewa nyumba hakuweka akiba, na kazi ilipokwisha alikabidhi ufunguo.

Linganisheni na mkulima mdogo. Chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, Waafrika waliruhusiwa kupanda chai kwa utaratibu. Mwaka wa 1964 ikaundwa KTDA, na viwanda kama Litein, Kapkoros na Mogogosiek vikapokea majani ya wakulima. Malipo ya mwisho wa mwaka, ambayo kila mtu huyaita bonasi, yalileta mabati, kisha mawe, kisha karo za shule. Mwenye ekari mbili hakuwa tajiri, na bonasi imemvunja moyo mara nyingi, lakini alijenga juu ya ardhi yake. Jirani yake wa kambini, aliyechuma chai pengine nyingi kuliko yeye, hakujenga kitu.

Udhaifu wa makazi yale ulionekana kwa uchungu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walivamiwa ndani ya kambi kwa sababu ya kabila lao, wengine wakauawa, na wengi wakakimbia wakiacha vyombo. Waliokuwa wameishi humo miaka ishirini waliambiwa waende kwao, na wengine kwao hawakupajua.

Kisha ikaja mashine ya kuchuma. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, nayo haihitaji chumba. Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma mashine hizo kwa moto. Hatusifu uchomaji wa mali. Lakini mchumaji akiondolewa hupoteza mshahara na paa kwa siku moja, na ni wafanyakazi wachache wa mjini wapatwao na hayo mawili kwa pamoja.

Turudi kwenye makato. Anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi hukatwa 225, na pamoja na sehemu ya mwajiri ni 450, yaani 5,400 kwa mwaka. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 2024, humweka mtu huyu katika daraja la chini kabisa, la wapatao chini ya shilingi 20,000. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya makazi ya kufaa. Lakini majumba ya ghorofa yanajengwa mijini, na mchumaji anayestaafu hutafuta kipande cha ardhi cha kupanda mahindi, si chumba katika ghorofa ya nne. Sheria hiyohiyo yataja pia nyumba za mashambani. Kwa maoni yetu hapo ndipo wazee wa Kericho na Bomet wangeelekeza maswali yao katika mabaraza: zitajengwa wapi, juu ya ardhi ya nani, na je, miaka ambayo mtu ameishi kambini itahesabiwa?

Wanachama waliostaafu wenye barua za kuajiriwa na hati za mishahara ya zamani wanaombwa wazilete kwa mwandishi wa chama zipate kunakiliwa. Karatasi zenyewe zitarudishwa.