Uamuzi Usiofika: Lugha na Vikundi katika Kazi Huria za Kanda ya Ziwa

Chuo Kikuu cha Maseno kimekaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Vihiga nchini Kenya, karibu na Ziwa Victoria, pale Dholuo na lahaja za Kiluhya zinapopokezana sokoni na barabarani. Ni mahali panapofaa kuwa chimbuko la Kencorpus, koposi huria iliyotangazwa mwaka 2022 na watafiti wa Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene. Ina matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya: Kibukusu, Kilogooli na Kimarachi. Koposi ya namna hii haijengwi na kikundi kimoja. Wapo wanaokusanya matini, wanaorekodi, wanaobainisha aina za maneno, wanaotafsiri, na waandishi wa programu wanaokuja baadaye kuyatumia yote hayo. Kila kikundi huzungumza lugha inayokifaa, na hilo si kasoro. Kasoro huanza pale uamuzi wa kikundi kimoja unapokifunga kingine bila kukifikia.

Dholuo inalidhihirisha jambo hili. Maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni, na herufi zake tano za vokali hubeba vokali karibu mara mbili ya idadi hiyo. Mkusanyaji wa matini haoni shida, kwa kuwa msomaji Mluo hulitambua neno kwa muktadha wake. Lakini kwa anayeifundisha kompyuta kutamka, maneno mawili yaliyoandikwa sawasawa huenda yakadai sauti mbili tofauti. Kuandika kwa mazoea ni uamuzi halali kabisa, ila asiyeelezwa sababu yake ataudhani uzembe au, vibaya zaidi, hatajua kwamba kuna lililoamuliwa. Kwa upande wa Kiluhya, kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 kina msimbo mmoja wa jumla, luy, na kando yake misimbo ya pekee: bxk kwa Kibukusu, rag kwa Kilogooli, lri kwa Kimarachi. Mwandishi wa programu asiye na habari akichagua luy, kwa hatua hiyo moja atakuwa ameifuta tofauti ambayo wenzake waliihangaikia. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alitoa hoja mwaka 1968 kwamba mfumo huiga umbo la mawasiliano ya waliouunda. Kwa kanda ya ziwa ningeongeza kwamba huiga pia ukimya uliokuwapo baina yao.

Wapo watakaosema dawa ni Kiingereza: msimbo wa programu huandikwa kwacho na wachangiaji wa ng'ambo hukielewa. Hoja hii ina uzito kwa waandishi wa programu, wala sioni haja ya kuwanyang'anya chombo chao. Hata hivyo, anayejua kama sentensi ya Kimarachi imekaa sawa si lazima awe mwandishi mzuri wa Kiingereza, na mjadala ukifungwa kwa lugha hiyo ukimya wake utahesabiwa kuwa idhini. Kiswahili kinafaa zaidi kuwa daraja. Ni kweli kwamba si lugha ya mama ya wengi wa pwani hii ya ziwa, lakini kwa sababu hiyohiyo hakimpi Mluo wala Mluhya ubwana juu ya mwenzake. Tena ujuzi wenyewe upo: Kencorpus ina sentensi 13,400 zilizotafsiriwa kutoka Dholuo na Kiluhya kwenda Kiswahili. Waliozitafsiri wanaweza pia kutafsiri uamuzi.

Pingamizi zito zaidi ni la nguvu kazi. Watu ni wachache, wengi hujitolea, na kuwaongezea kazi ya ukalimani ni kuwachosha. Nalikubali nusu. Kazi hiyo tayari inafanywa, na mara nyingi huwaangukia wale wachache wenye lugha mbili au tatu, kwa simu na kwa mazungumzo ya pembeni yasiyoacha alama. Git, chombo cha kutunza msimbo kilichoanzishwa mwaka 2005, humbaini aliyebadilisha mstari na siku aliyoubadilisha. Sababu huiweka tu ikiwa mtu ameiandika, na aliyewapatanisha wawili kabla ya badiliko hilo hatajwi. Kwa hiyo ninachodai ni kumtaja. Kila uamuzi unaovuka mpaka wa kikundi uandikwe kwa Kiswahili kifupi chenye mfano, uwekwe pamoja na data yenyewe, ukiwa na jina la aliyeufikisha kwa kikundi kingine miongoni mwa wachangiaji, na usihesabiwe umekamilika hadi kikundi kinachoathirika kiujibu. Aya tatu zinatosha. Haraka ya kweli ni kuzianza mapema: Kinyore, lahaja nyingine ya Kiluhya ambayo wasemaji wake ni majirani wa Maseno kabisa, hakimo katika zile lahaja tatu, na watakaokileta watahitaji kujua kwa nini wenzao waliandika walivyoandika.