Redio Mbili

Katika maisha yangu nimechagua redio mbili kwa fedha za watu wengine. Ya kwanza niliichagua mwaka 1973 kwa michango ya wanakijiji, nami nikakosea. Ya pili tumeinunua juzijuzi, kwa fedha za kijana wetu wa tatu, ambaye ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu hapa Rwamgasa. Kati ya redio hizo mbili imepita miaka zaidi ya 50. Naandika habari zake kwa sababu kosa la kwanza ndilo lililonifundisha namna ya kuchagua mara ya pili.

Kijana alikuja nyumbani Jumapili moja akasema, "Baba, nataka niwanunulie wewe na mama homu thieta." Kwa asiyejua, huo ni mtambo unaopokea sauti kutoka kwenye televisheni na kuigawa katika spika nyingi zinazomzunguka msikilizaji. Chombo chenyewe kinachopokea na kugawa huitwa resiva. Alikuwa amekwisha uona mmoja dukani mjini Geita, una spika saba, na juu ya boksi imeandikwa wati 10,000. Mama yake alitabasamu. Hakuwa amesikia alichosema mwanawe.

Hapo ndipo penye jambo. Mke wangu anasikia sauti, lakini maneno yanampotea. Daktari alimpima akasema ni umri. Uzee huanza kutunyang'anya sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo herufi kama "s", "f" na "t". Mtangazaji akisema "saa", yeye husikia "taa". Akisema "faa", hajui ni ipi kati ya hizo tatu. Kifaa cha kuvaa sikioni alikikataa. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiinuka mara taarifa ya habari inapoanza, anakwenda kulala. Mimi nilidhani amechoka.

Ili msomaji aelewe kosa langu la kwanza, sina budi kurudi nyuma. Redio ilianza kusikika Dar es Salaam mwaka 1951, kituo kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sisi wa umri wangu tuliiita RTD kama mtu anavyomtaja ndugu yake. Lakini kituo ni nusu tu ya redio. Nusu ya pili ni chombo cha kupokelea, na hicho kilikuwa ghali.

Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alihangaika kutafuta redio ambayo mwanakijiji angeimudu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikatoa redio ya betri iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria, ikauzwa pauni 5. Haikuwa na urembo wowote. Kazi yake ilikuwa kumfikishia mtu maneno. Baadaye zikaja redio za transista, ndogo na nyepesi, zisizokula betri nyingi, na hizo ndizo zilizoingia kwa wingi vijijini.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati ule ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa ikiendesha kampeni za elimu kwa njia ya redio. Iliyokuwa kubwa sana ni "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu pamoja, wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho, kuhara na minyoo. Baada ya hapo walishika majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi.

Mimi nilikuwa na miaka 23, mwalimu wa shule ya msingi upande huu wa Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Niliteuliwa kuongoza kikundi. Redio hatukuwa nayo, basi watu wakachanga. Bibi mmoja mjane aliuza kuku. Wakanikabidhi fedha, nikavuka ziwa kwa kivuko hadi Mwanza.

Dukani zilikuwepo redio mbili ambazo fedha zetu zingetosha. Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, ndani ya mfuko wa ngozi. Nyingine ilikuwa kubwa, ina mistari ya kung'aa kama dhahabu na spika pana kama sahani ya wali. Mwenye duka akaniwekea muziki. Ile kubwa ikanguruma hadi nikaisikia kifuani. Nilijiona tayari nikishuka nayo kwenye basi, watoto wakinifuata. Sikuuliza inakula betri ngapi, wala sikuomba kumsikia mtangazaji akizungumza.

Ilikula betri kubwa sita. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni kwamba ule mngurumo uliopendeza katika muziki uliyafunika maneno. Waliokaa nyuma walimsikia mtangazaji kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Yule bibi alikaa mbele, naye alikuwa na desturi ya kumwitikia mtangazaji kila anaposalimu. Wiki ya tano redio ikakoroma, ikanyamaza. Wakulima walikuwa bado hawajalipwa fedha za pamba, na mshahara wangu ulikuwa umekwisha. Wiki zilizofuata niliwasomea kitabu kwa sauti, lakini kikundi cha watu 20 kilibaki na watu tisa. Bibi alikuwa miongoni mwa hao tisa. Siku moja akaniuliza, si kwa hasira, "Mwalimu, yule mtu amekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikuja kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nikawafundisha vijana wengi kwamba chombo cha kufundishia huchaguliwa kwa kumtazama mwanafunzi. Sikuwaambia nililijulia wapi jambo hilo.

Miaka ikaenda. Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza kwamba tutapigana na majeshi ya Idi Amin, tulimsikia kupitia redio ndogo ya karani wa pamba, watu tukiwa tumesimama kimya uwanjani, na hakuna neno lililotupita. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tuliingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, ITV ikiwa kimojawapo. Kwenye machimbo vikaja vibanda vya video vinavyoendeshwa kwa jenereta. Humo vijana walitazama filamu za ng'ambo huku sauti ya mtafsiri, kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ikipita juu ya sauti ya filamu yenyewe. Mwisho wa mwaka 2012 Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia, miji mingine ikafuata, na kila nyumba yenye televisheni ikatafuta king'amuzi.

Kisha zikaja sabufa. Hapa Rwamgasa makarasha huanza asubuhi, chuma kikigonga mawe, na duka linalotaka kusikika lazima lishindane nayo. Mwenye saluni anaongeza sauti, jirani yake wa chipsi naye anaongeza. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba sauti nzuri ni sauti kubwa. Siwalaumu, kwani mimi nilidhani hivyohivyo mwaka 1973 bila karasha lolote.

Lakini waliobuni sauti hizi za kuzunguka hawakuwa wakitafuta ukubwa. Inasimuliwa kwamba Mwingereza Alan Blumlein alikerwa akiwa sinema: mwigizaji anatembea upande huu hadi ule, lakini sauti yake haiondoki kwenye spika moja. Mwaka 1931 aliomba hataza ya namna ya kurekodi na kutoa sauti kwa njia mbili, ili sikio lijue neno linatoka wapi. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege akifanyia majaribio mitambo ya rada. Wengine wakaendelea na kazi hiyo, na mwaka 1992 filamu ya "Batman Returns" ikaonyeshwa sinema kwa mfumo wa Dolby Digital wenye njia sita: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za kuzunguka, na moja ya sabufa kwa mingurumo peke yake. Ile ya katikati ndiyo hasa inayobeba mazungumzo. Nilipofahamu hilo, nilijua tunachokwenda kutafuta.

Tulikwenda Geita watatu, kwa sababu nilisisitiza mama aje. Kijana akanionyesha boksi lake la wati 10,000. Nikamwomba kalamu. Plagi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na umeme ni volti 230. Zidisha: unapata wati 2,990. Je, sanduku litatoaje wati 10,000 kwenye plagi isiyoweza kupitisha hata 3,000? Chini ya ile namba kulikuwa na herufi nne, PMPO. Hiyo ni hesabu ya wauzaji, haina kipimo kilichokubaliwa. Ukitaka ukweli, tafuta wati zinazotolewa mfululizo, zinazoandikwa RMS, kisha geuza chombo nyuma usome kinavuta umeme kiasi gani. Lile boksi nyuma liliandikwa wati 80.

Kisha nikamwambia mwenye duka, "Kijana wangu, zima muziki. Tuwekee taarifa ya habari."

"Sawa, mzee," akasema, ingawa alishangaa.

Nikamkalisha mke wangu kwenye kiti kwa umbali wa sebule yetu, nikamwomba anyooshe mkono kila neno linapompita. Tulijaribu mitambo minne. Kwa lile boksi kubwa aliishia kuuacha mkono juu. Lakini nilipogeuka nilimwona mwanangu ameinamisha kichwa, akamuuliza mwenye duka, "Amesema ngapi?" Kwa mtambo wa pili akauliza tena. Kijana huyu ana miaka 36. Anafanya kazi kando ya karasha siku sita kwa wiki, na akija nyumbani huzungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Siku zote nilidhani ni furaha.

Tulitoka nje. Alikuwa amenuna. "Baba," akasema, "watu watasema nimewanunulia kitu kidogo." Nikamsimulia habari za redio ya mwaka 1973, kuku wa yule bibi, na swali lake. Sikuwahi kumsimulia mtu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Turudi ndani."

Tulichukua resiva yenye njia tano na ya sabufa. Kwa sasa tumeiwekea spika tatu za mbele na sabufa ndogo. Mbili za kuzunguka zitangoja. Fedha nyingi ziliingia kwenye spika ya katikati. Nilihakikisha mambo machache ambayo namshauri msomaji naye ayaulize. Spika ziwe na omu zinazokubaliwa na resiva, kwa maana omu zikipungua mno chombo huvuta mkondo mkubwa na kupata moto. Televisheni na resiva zote ziwe na tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ili sauti irudi kwa waya mmoja. Uweze kupandisha spika ya katikati peke yake. Pia iwe na namna ya kuipeleka katikati sauti iliyo sawa kulia na kushoto, maana matangazo mengi bado huja kwa njia mbili. Nikaongeza kilinda umeme.

Fedha iliyobaki kijana alitaka kunipa. Nikamwambia tuitumie kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukanunua vikinga masikio, yeye cha kwake na wafanyakazi wake wanne vya kwao. Wataalamu wanasema sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuliharibu sikio kidogo kidogo, na lililoharibika hivyo halirudi. Anavivaa. Mama yake humpitia karashani bila kumwarifu, naye anajua.

Usiku wa kwanza fundi alipoondoka, niliishusha sabufa, nikapandisha ile ya katikati, tukaketi. Mtangazaji akatokea, akawasalimu watazamaji. Mke wangu alikuwa amekwisha kushika mkono wa kiti ili ainuke. Akaketi tena, akamwitikia.