Mchezo Ambao Mshairi Hakwenda Kuutazama

Mashabiki wa kriketi ya kaunti nchini Uingereza wana ada ya kuuonja mchezo kabla haujachezwa. Hutazama mbingu, huupima udongo wa kiwanja, huulizana nani ataanza kupiga na nani atakabidhiwa mpira mpya. Na kwa kuwa mchezo wenyewe hudumu kwa siku kadhaa, mazungumzo hayo hayakosi kuwarudia waliotangulia. Ngojea ya namna hii ndiyo iliyozaa shairi ambalo pengine ni mashuhuri kuliko yote yaliyotungwa kwa Kiingereza juu ya kriketi. Jina lake ni "At Lord's". Mtungaji wake, Francis Thompson, aliungoja mchezo kwa hamu, na siku ilipowadia hakwenda.

Thompson alizaliwa mwaka 1859 mjini Preston, katika kaunti ya Lancashire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, naye akapelekwa Manchester kusomea kazi hiyohiyo. Alikaa chuoni miaka mingi na hakuhitimu. Moyo wake ulikuwa kwenye vitabu na kwenye Old Trafford, uwanja wa klabu ya Lancashire. Mwaka 1885 alikwenda London, na huko afyuni ikamtawala. Alilala mitaani, akauza viberiti, mpaka mhariri Wilfrid Meynell na mkewe Alice, aliyekuwa mshairi pia, walipoyapokea maandishi yake mwaka 1888 na kumnyanyua. Wengi wamemjua kwa "The Hound of Heaven", shairi la nafsi inayomkimbia Mola wake. Hilo la kriketi halikuchapishwa katika uhai wake.

Husimuliwa kwamba katika siku zake za mwisho alialikwa Lord's, uwanja mkuu wa London, kuwatazama Lancashire wakipambana na Middlesex. Alifurahi kama mtoto. Lakini kila siku ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kutambua kuwa hataweza kwenda, kwa sababu wale aliotamani kuwaona hawakuwa tena miongoni mwa wachezaji. Akabaki nyumbani, akashika kalamu.

Kilichomjia ni mchezo wa Julai 1878, yeye akiwa kijana wa miaka 18. Gloucestershire walikuja Old Trafford wakiwa na W. G. Grace, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake. Katika zamu ya kwanza Lancashire walipata mikimbio 88 tu. Katika zamu ya pili wapigaji wao wawili wa mwanzo, A. N. Hornby na R. G. Barlow, walisimama imara, na Hornby akafikisha 100. Mchezo ukamalizika bila mshindi. Kaunti ndogo haikuwa imeshinda. Ilikuwa imekataa kushindwa, na kwa kijana wa Preston hilo lilitosha kumjaa maisha yake yote.

Hapa inafaa tuwatazame watu hao wawili. Hornby alikuwa mwana wa tajiri wa viwanda vya pamba vya Blackburn, naye alicheza kwa ridhaa, yaani bila ya ujira. Barlow, mtu wa Bolton, alicheza kwa kulipwa. Katika Uingereza ya siku zile tofauti hiyo haikuwa ndogo. Katika viwanja vingi mabwana walikuwa na chumba chao na mlango wao wa kutokea, na wa kulipwa walikuwa na wao. Hata kwenye karatasi za matokeo, herufi za majina ya mabwana zilitangulia na za wenzao zikafuata nyuma. Utaratibu huo ulifutwa baada ya msimu wa 1962.

Kwa tabia pia walikuwa mbali. Hornby alikuwa na pupa, akiita mikimbio isiyokuwapo. Barlow alikuwa mwamba: mwaka 1882, dhidi ya Nottinghamshire, alipiga kwa muda wa saa mbili na nusu, Lancashire nzima ikatolewa kwa 69, naye akabaki hajatolewa, na mikimbio yake ni 5. Anasimuliwa kulalamika kwamba Hornby kwanza humkimbiza mtu mpaka pumzi zimwishe, kisha humsababishia kutolewa, halafu humpoza kwa sarafu ya dhahabu. Kicheko hicho kina uchungu ndani yake.

Sasa lisikilize shairi. Kibwagizo chake kinawaita wawili hao kwa pamoja, bila ya cheo wala herufi za mbele au za nyuma, na mshairi anawaita wote kuwa ni wake. Waliotenganishwa na milango wanaingia katika mshororo mmoja na kutoka pamoja. Sijui karatasi ya matokeo ingeyafanya vipi hayo.

Mauti katika shairi hilo yana sura ya pwani inayokaribiwa, na uwanja umejaa vivuli. Msomaji wa kwetu, aliyelelewa na Al-Inkishafi na majumba yake ya Pate yaliyobaki magofu, hatahitaji kufafanuliwa huzuni hiyo. Ila kuna ajabu moja. Thompson alipowaomboleza Hornby na Barlow kama mizimu, wote wawili walikuwa hai. Hornby alikuwa bado rais wa klabu ya Lancashire. Aliyekuwa akiondoka duniani ni mshairi mwenyewe.

Mwezi wa Julai 1907 Lancashire walicheza na Middlesex hapo Lord's. Si lazima tuufungamanishe mchezo huo na shairi, lakini yaliyotokea yanafaa kukumbukwa: mvua ilichelewesha mchezo, watazamaji waliochoka kungoja wakaingia kiwanjani na kuikanyaga sehemu ya kupigia, na nahodha wa Lancashire, A. C. MacLaren, akakataa kuendelea. Mchezo ukaachwa hapo hapo.

Thompson alifariki tarehe 13 Novemba mwaka huohuo. Barlow aliishi mpaka 1919, na Hornby mpaka 1925. Kaburi la Barlow liko Blackpool, kando ya bahari. Juu ya jiwe lake vimechongwa vijiti vitatu vya kriketi na mpira ukipenya katikati yao, pamoja na maneno machache ya kueleza kwamba hatimaye ametolewa.