Lenzi Moja ya Harusi, Uchukue Ipi?

Binti wa kaka yangu amenunua kamera ya fulu-fremu, ile yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Pesa zilizobaki zatosha lenzi moja tu, na tayari kuna kina mama wanaomtaka kwenye kupamba, mahali ambapo mimi mwanamume siingii. Akaniuliza, "Ami, nichukue ipi?"

Lenzi za kawaida za kuvuta ziko namna mbili kuu: 24-70 yenye f/2.8, na 24-105 yenye f/4. Milimita 24 zakusanya ukumbi mzima. 70 zatosha uso. 105 zamfikia bibi harusi jukwaani bila kukanyaga leso za watu, na ndiyo raha ya ile ya pili.

Lakini tundu la f/2.8 huingiza mwanga maradufu ya f/4. Pale f/4 inapokulazimisha sekunde 1/60, f/2.8 inakupa 1/125. Mtu anayecheza chakacha kwa 1/60 hutoka ukungu mtupu. Wauzaji watakusifia kituliza mtikisiko. Ni kizuri, ila hutuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji.

Ziko pia zile rahisi zilizoandikwa f/3.5-5.6. Kadiri unavyovuta, tundu linajifinya. Hiyo ndiyo iliyoniaibisha. Niliipeleka kwenye nikaha msikitini usiku, na pale bwana harusi aliposhikana mkono na walii, nikavuta, picha zote zikatoka na giza. Nikaha hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Uzito nao upimwe, maana ni saa nyingi shingoni. Canon EF 24-70 f/2.8L II ina gramu 805; 24-105 f/4L ya mwaka 2005 ina 670. Kwa wenye Sony, Tamron 28-75 f/2.8 ya mwaka 2018 ina 550 tu, ingawa kuanzia 28 kutakubana kwenye vyumba vya Mji wa Kale.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha si ya kamera za kihisi kidogo: za Canon EF-S hazishiki kabisa kwenye fulu-fremu, na za Nikon DX hushika lakini picha inakatwa. Halafu umulike ndani kwa tochi. Unyevu wetu wa Pwani huotesha kuvu kwenye vioo, kama nyuzi za buibui.

Nimemwambia achukue f/2.8, hata kama ni kuukuu. Kabla ya kulipa aje nayo nyumbani, tochi ninayo.