Ongezeko la tindikali baharini lahatarisha matumbawe machanga

MIAMBA ya matumbawe inapopigwa na dhoruba au kuathiriwa na joto la maji, hupona hasa kwa matumbawe machanga kuzaliwa, kushika mwambani na kukua mahali pa yale yaliyokufa. Wanasayansi wa bahari wanaeleza kuwa uzazi huo sasa unatishiwa na ongezeko la tindikali katika maji ya bahari, badiliko lisiloonekana kwa macho wala kuhisiwa na muogeleaji.

Chanzo cha badiliko hilo ni hewa ya ukaa inayotokana na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji wa misitu. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu zipatazo 280 za hewa ya ukaa. Leo kiwango hicho kimevuka 420. Takriban robo ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu hufyonzwa na bahari, na isingekuwa hivyo, joto la dunia lingekuwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, msaada huo una gharama yake. Hewa ya ukaa inapoyeyuka majini hufanyiza tindikali. Kwa kipimo cha pH, wastani wa maji ya juu ya bahari umeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kutokana na namna kipimo hicho kilivyopangwa, ni sawa na ongezeko la takriban asilimia 30 la ioni za haidrojeni, ambazo ndizo kiini cha ukali wa tindikali. Haina maana kwamba bahari imekuwa tindikali yenyewe, kwani maji yake yangali upande wa alkali. Kilichobadilika ni mwelekeo wake.

Madhara kwa matumbawe hutokana na chokaa. Tumbawe ni mnyama mdogo mwenye mwili laini, ajengaye mifupa yake kwa aina ya chokaa iitwayo aragonaiti. Malighafi ya ujenzi huo ni kalisi na kaboneti zilizomo katika maji ya bahari. Ioni za haidrojeni zinapoongezeka, hujiunga na kaboneti na kuzipunguza. Hivyo tumbawe hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kujenga kile kile kilichojengwa kwa wepesi hapo awali.

Kwa tumbawe changa mzigo huo ni mzito zaidi. Matumbawe mengi huzaa kwa kuachia mayai na mbegu za kiume majini usiku mmoja kwa pamoja. Yai likirutubishwa hutoka kiluwiluwi mdogo, ambaye huelea na kuogelea kwa siku kadhaa au hata majuma akitafuta mahali pa kukaa. Akipata jiwe linalomfaa hujishikiza hapo, hubadilika umbo na kuanza kujenga msingi wake wa kwanza wa chokaa. Wakati huo upana wake ni kama milimita moja tu. Mchanga, mwani unaomea haraka na samaki wanaoparura mawe vyote vyaweza kumwangamiza, na kinga yake kubwa ni kukua upesi.

Utafiti ulioongozwa na Rebecca Albright wa Chuo Kikuu cha Miami, uliochapishwa mwaka 2010, ulizichunguza hatua hizo moja baada ya nyingine kwa kutumia Acropora palmata, tumbawe la bahari ya Karibi lenye matawi mapana mithili ya pembe za mnyama. Ilibainika kuwa urutubishaji, ushikaji mwambani na ukuaji vyote vilidhoofika kadiri hewa ya ukaa ilivyozidi. Urutubishaji uliathirika zaidi pale mbegu za kiume zilipokuwa chache, hali ambayo hutokea matumbawe wazazi yanapopungua na kukaa mbali mbali. Madhara ya hatua mbili za mwanzo yalipojumlishwa, watafiti walikadiria kuwa idadi ya viluwiluwi wanaofanikiwa kushika mwambani ingepungua kwa asilimia 52 katika hali iliyotarajiwa kati ya karne hii, na kwa asilimia 73 katika ile ya mwisho wa karne.

Hata wale wanaofanikiwa kushika hawako salama. Mwaka 2016, Taryn Foster na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa matumbawe machanga ya aina ya Acropora spicifera kutoka visiwa vya Houtman Abrolhos, Australia Magharibi. Picha za eksirei zilionyesha kuwa mifupa iliyojengwa katika maji yenye hewa nyingi ya ukaa ilikuwa midogo, yenye vitundu na nyufa, na mingine ilipinda upande mmoja.

Aidha, tatizo limo pia katika mahali pa kukaa. Viluwiluwi wengi huvutwa na mwani mwekundu wenye chokaa, unaotanda juu ya mawe kama rangi iliyopakwa. Chokaa cha mwani huo huyeyuka kwa urahisi kuliko cha matumbawe. Katika jimbo la Milne Bay, Papua New Guinea, ambako hewa ya ukaa hububujika kutoka chini ya bahari kwa asili, watafiti wamekuta mwani huo ukiwa haba na matumbawe machanga yakiwa machache.

Si kila aina huathirika kwa kiwango kimoja. Huko Milne Bay, matumbawe makubwa ya duara ya jamii ya Porites yameendelea kustawi, ilhali yale ya matawi yamepungua. Majaribio mengine yameonyesha kuwa matumbawe machanga yanayopata chakula cha kutosha huweza kufidia sehemu ya hasara. Lakini mwamba uliobaki na aina chache huwa na mapango na matawi machache ya kuwahifadhi samaki.

Uzito wa jambo hili umeonekana Florida, Marekani. Joto kali la maji mwaka 2023 liliua karibu matumbawe yote ya Acropora palmata katika mwambao huo. Wataalamu huko sasa hukusanya mayai na mbegu na kulea watoto katika matangi kabla ya kuwapandikiza baharini. Bahari wanayorudishwa ndiyo hiyo yenye kaboneti pungufu.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki habari hizi si za mbali. Acropora ya aina nyingine huishi katika miamba ya Mafia, Zanzibar na Watamu, na miamba hiyo ilipoteza matumbawe mengi kwa joto la mwaka 1998. Mahali ilipopona, sehemu ya kazi ilifanywa na matumbawe machanga. Miamba hiyo huvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni na huwapa riziki wavuvi wa mitumbwi na ngalawa.

Tiba ya kweli ni kupunguza hewa ya ukaa duniani, jambo lisilo katika uwezo wa kijiji wala nchi moja. Hata hivyo, kukomesha baruti na majitaka, na kuwaacha samaki walao mwani, huyapa matumbawe machanga mawe safi ya kushika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta huu wa baharini, fundi ni mmoja tu, naye huanza kazi akiwa na upana wa milimita moja.