The Tallis Scholars
The Tallis Scholars ni kundi dogo la waimbaji wa Uingereza linaloimba hasa muziki wa kanisa wa zama za Renesansi, bila ala. Lilianzishwa mwaka 1973 na Peter Phillips, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Oxford, naye ameliongoza tangu hapo. Jina la kundi linamkumbuka mtunzi Thomas Tallis, aliyefariki mwaka 1585.

Kwa kawaida huimba watu kumi, wawili kwa kila sauti. Uchache huo ndio siri ya sifa yake: katika nyimbo ambazo sauti nne, tano au zaidi husokotana, kila mstari husikika waziwazi, jambo ambalo kwaya kubwa hulipata kwa taabu. Soprano, sauti ya juu kabisa, huimbwa na wanawake, ingawa makanisa ya enzi hizo yalitumia wavulana.

Mwaka 1987 rekodi ya kundi hilo ya misa za mtunzi Josquin des Prez ilipata tuzo kuu ya jarida la Gramophone, ushindi wa kwanza wa muziki wa kale. Misa zote za mtunzi huyo zilikamilika kurekodiwa mwaka 2020, katika albamu tisa. Kundi huimba pia kazi za watunzi wa karibuni, akiwemo Arvo Pärt wa Estonia.