Waliomsikiliza Ayub Ogada

Mpiga nyatiti wa jadi wa Kijaluo hakuzoea kuwapigia watu walionyamaza. Aliketi kwenye kigoda kifupi, njuga zimefungwa mguuni, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o ambayo aliigonga kwenye mti wa chombo chake, huku vidole vya mikono vikikimbia juu ya nyuzi nane. Mbele yake palikuwa na matanga, au harusi, au kikao cha pombe, na watu walikuja na maneno yao. Katikati ya wimbo msikilizaji angesimama, akatoa pesa, akausimamisha muziki na kujisifu: yeye ni mwana wa nani, ametoka wapi, rafiki yake ni yupi, mpenzi wake anafananaje. Desturi hiyo inaitwa pakruok. Mtu akimaliza kujigamba, nyatiti inaendelea hadi mwingine anyanyuke. Kwa hiyo wimbo ulikuwa mali ya watu wawili, anayepiga na anayesikia, na mpigaji hodari alipimwa pia kwa namna alivyojua kuwapa wasikilizaji wake nafasi.

Mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu iitwayo En Mana Kuoyo. Nyatiti ni ileile, na sehemu kubwa ya maneno ni ya Kijaluo. Ila humo ndani hakuna anayesimama kujisifu. Sauti ya mwimbaji ni ya chini, haina papara, na nyuzi zinazunguka palepale kwa subira bila kukimbilia kokote. Anayeisikiliza yuko peke yake, pengine usiku, na hatakiwi kutoa chochote isipokuwa masikio yake. Mwimbaji huyo ni Ayub Ogada, na nikiulizwa ni albamu gani ya Afrika Mashariki iliyopendwa kwa ukimya na kwa muda mrefu kuliko nyingi, nitaitaja hiyo.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa watu wa bara, wa upande wa Ziwa Victoria, na wote wawili walikuwa watu wa muziki. Akiwa bado mtoto familia ilihamia Chicago, ambako baba yake alikwenda kusomea udaktari, na huko wazazi waliwapigia Wamarekani muziki wa kwao. Nadhani jambo hilo lina uzito kuliko linavyopewa. Mtoto huyo aliuona muziki wa Kijaluo ukisikilizwa na watu wasioelewa hata neno moja, na akaona kwamba bado walisikiliza.

Familia iliporudi Kenya, Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na masikio ya kila aina. Rumba ya Kongo ilitawala kumbi. Benga ilikuwa imeshika kasi, na magitaa yake yalikuwa yamejifunza kudonoa kutoka kwa nyatiti yenyewe. Mmoja wa wafalme wake, D.O. Misiani, alikuwa mzaliwa wa upande wa Shirati, Tanzania, ambako pia ni nyumbani kwa Wajaluo. Vijana wa mjini nao walikuwa na soul na roki za Marekani. Job Seda aliingia katika bendi ya vijana wa namna hiyo, Black Savage, wenye magitaa ya umeme na nyimbo ambazo nyingi zilikuwa za Kiingereza. Lakini ndani ya kazi za bendi hiyo mlikuwa na wimbo mmoja wa Kijaluo ulioitwa Kothbiro. Wakati huo haukutikisa dunia.

Mwaka 1979 alishiriki kuunda African Heritage Band. Jina lilitoka kwenye jumba la sanaa la African Heritage la Nairobi, lililoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Jumba hilo lilikuwa likiuza na kuonyesha kazi za mikono kutoka pande nyingi za Afrika, na bendi ilitakiwa kufanya katika muziki kile ambacho jumba lilifanya katika vinyago na mavazi: kuvitoa vyombo vya jadi na kuvisimamisha kando ya gitaa. Samite, Mganda aliyeikimbia nchi yake mwaka 1982, naye alipitia humo. Hapo ndipo nyatiti ilipopata nafasi kubwa katika maisha ya Seda. Wengi wanamkumbuka vilevile kwenye sinema: aliigiza katika Out of Africa ya mwaka 1985 na The Kitchen Toto ya 1987.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza. Hakupokelewa na mtu yeyote mkubwa. Alipiga nyatiti kwenye njia za treni za chini ya ardhi za London, akiwaimbia watu wenye haraka ya kwenda kazini, wanaodondosha sarafu bila kusimama. Yeyote aliyewahi kuuza kitu barabarani anajua ugumu wa wateja wa aina hiyo. Hawana muda, na hawakuja kwa ajili yako. Kuwashinda kwa kelele hakuwezekani, kwa sababu treni ina kelele zaidi. Kilichobaki ni kumfanya mtu apunguze mwendo kwa sauti ambayo hakuitarajia mahali hapo. Sina shaka kwamba utulivu tunaousikia kwenye albamu ulipata sehemu ya malezi yake kule chini. Kutoka huko alifika kwenye tamasha la WOMAD lililofanyika Cornwall mwaka 1988, na kutoka WOMAD akafika Real World. Kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa Ayub Ogada.

Wapo waliosema, na bado wapo, kwamba nyatiti ya Ogada ni nyatiti iliyopozwa ili Wazungu wainywe bila kuungua. Sikubaliani nao. Kweli, ukiiweka kando ya nyatiti ya jadi, kwa mfano ile iliyonaswa na Hugh Tracey alipozunguka Kenya na mitambo yake ya kurekodia mwanzoni mwa miaka ya 1950, tofauti ni kubwa: mapigo ya jadi ni makali, ya haraka, na mwimbaji hupaza sauti kwa sababu ana umati wa kushindana nao. Ogada hana umati. Ana maikrofoni, inayosikia hata pumzi. Mtu anayeimba mbele ya chombo kama hicho kwa sauti ya kushindana na walevi hamtendei haki msikilizaji wake. Aliteremsha sauti kwa sababu msikilizaji alikuwa amesogea karibu, na huo ni uamuzi wa msanii anayejua anaimba wapi. Zaidi ya hayo, angeweza kujaza albamu vinanda vya umeme na ngoma za mashine, kama wengi walivyofanya katika miaka ileile. Hakufanya hivyo.

Moyo wa albamu kwa watu wengi ni Kothbiro, wimbo uleule wa siku za Black Savage, safari hii umevuliwa umeme na kuachiwa nyatiti. Nyuzi zinaanza mzunguko wao mdogo, sauti inapanda juu kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, kisha inashuka. Maneno yenyewe ni ya nyumbani kabisa. Auma anaitwa: asikie, mvua inakuja, ng'ombe warudishwe bomani. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anayajua mawingu ya alasiri yanayojikusanya juu ya maji, na anajua kwamba mwito huo hauna huzuni; una haraka na upole kwa pamoja, kama sauti ya mama yeyote anayeita watoto waingie ndani.

Wasikilizaji wa mbali hawakusikia hivyo. Mwaka 2005 mwongozaji wa Brazil, Fernando Meirelles, aliutia wimbo huo katika filamu ya The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré na kupigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, Kibera ikiwa mojawapo ya maeneo. Filamu inahusu kifo, ubaya wa kampuni za dawa na mume anayetafuta ukweli wa kuuawa kwa mkewe. Rachel Weisz alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza humo. Mamilioni ya watu wakaufahamu wimbo kwa mara ya kwanza kupitia msiba huo, na kwao Kothbiro umebaki kuwa wimbo wa maombolezo. Je, walikosea? Walikosea maneno. Lakini sauti ile ina kitu cha mtu kuitwa arudi nyumbani, na aliyefiwa anakitambua hata asipojua lugha. Mwaka 2018 Kanye West akauchukua ule wa Black Savage na kuutia katika wimbo wake Yikes, na majina ya Ayub Ogada na Mbarak Achieng, mwenzake wa zamani, yakaingia kwenye orodha ya watunzi. Kijana wa Nairobi aliyeanzia kwa Kanye na kurudi nyuma hadi Black Savage amekutana na muziki wa mji wake mwenyewe kwa njia ndefu sana.

Hilo ndilo linaloniuma katika historia hii. Albamu ilipotoka, Kenya haikuwa na mahali pengi pa kuisikia. Mawimbi yalikuwa bado mikononi mwa shirika la serikali. Capital FM, redio ya binafsi ya mwanzo, ilianza mwaka 1996, na ilianza na muziki wa nje. CD kutoka Uingereza ilikuwa mali ya wenye nacho. Basi sebule za Ulaya zikaijua En Mana Kuoyo kabla ya sebule za Kisumu. Wasikilizaji wa kwetu waliifikia kwa filamu, kwa nakala za kuazimana, na hatimaye kwa intaneti.

Ogada mwenyewe alirudi mwaka 2007 na kuishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Alifanya kazi na Mwingereza mpiga gitaa Trevor Warren, wakatoa albamu ya Kodhi mwaka 2015. Alifariki tarehe 1 Februari 2019. Nyatiti haikuzikwa naye. Mwimbaji Suzanna Owiyo anaipiga jukwaani, na Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, alikuja Siaya kujifunza chombo ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanaume.

Wengi tunaoipenda albamu hii tunaujua wimbo mmoja tu. Msomaji, usiishie kwenye Kothbiro. Sikiliza Obiero, sikiliza Chiro, sikiliza Dala na ule uliobeba jina la albamu, kwa mpangilio aliouacha mwenyewe. Na kama una jirani au mkwe anayejua Kijaluo, sikilizeni pamoja, umwombe akueleze kinachosemwa. Vituo vya redio vya Kenya navyo viipige yote, mchana, wakati watu wako macho.